Misumari Yangu Kwenye Podo

Waliniomba aya mbili tu. Taasisi moja ya utafiti wa misitu huko ng'ambo ilikuwa imenipa nafasi ya miaka mitatu, na kabla sijafika walitaka kuniweka kwenye tovuti yao: aya moja kuhusu safari yangu ya kikazi, nyingine kuhusu mambo yanayonivutia katika utafiti. Niliketi mezani nyumbani kwangu Kibomet, mtaa wa hapa Kitale, nikaandika na kufuta sentensi ya kwanza mpaka chai ikapoa. Mimi ni mwanabaiolojia. Nimesomea ekolojia ya misitu hadi shahada ya uzamifu. Baada ya hapo sikujua niseme nini, kwa sababu safari yangu ya kikazi ilifika Mabanga ikasimama.

Mabanga ni nje kidogo ya mji wa Bungoma, na huko, katika chuo cha wakulima, ndiko ninakofundisha habari za kupanda miti. Niliingia kwa mkataba wa mwaka mmoja, nikijiambia ni wa kupitisha muda tu. Mkataba huo umefanywa upya mara nyingi hata siku hizi nautia sahihi bila kuusoma. Jumatatu asubuhi nafunga nyumba Kibomet, nalala wiki nzima katika chumba cha walimu, Ijumaa jioni nafungua nyumba tena na kukuta vumbi limenitangulia.

Kinachonivutia katika utafiti ni ukuaji wa miti ya asili ya Mlima Elgon, hasa podo. Ninachoulizwa ni blugamu, yaani mkaratusi. Blugamu inakomaa baada ya miaka mingapi? Ukiikata inachipuka tena? Ni kweli inakausha kisima cha jirani? Majirani wa Kibomet nao wamesikia kwamba mimi ni daktari, basi wananiletea majani ya mahindi yaliyotobolewa na viwavi, na siku moja mama mmoja aliniletea mtoto mwenye tetekuwanga. Nilipomweleza kwamba mimi ni daktari wa miti, alinitazama kwa huruma kabisa, kama mtu aliyefeli njiani.

Niliomba kazi kila mahali. Vyuo vikuu viliniambia eneo langu ni finyu. Mashirika yaliniambia nina uzoefu mwingi wa msituni na mchache wa ofisini. Rafiki zangu wa darasani walikuwa wameondoka mmoja mmoja, na mimi nikabaki ninayepigiwa simu kuulizwa kama mvua imenyesha. Niseme wazi: niliwaonea wivu. Kuna Ijumaa nilikuwa naingia nyumbani, nakaa kitandani na viatu vyangu, nikihisi kuta zinanikaribia.

Kitu kimoja tu kilinipa pumzi, nacho kilikuwa viwanja vyangu. Nilipokuwa nikisoma nilipima viwanja kadhaa ndani ya msitu upande wa Elgon, nikatia alama kila podo iliyokuwa humo. Kazi yenyewe si ya ajabu. Unapima urefu kutoka ardhini, mita moja na sentimita thelathini, karibu na kifua cha mtu. Hapo unazungusha utepe kwenye shina, unaandika unene. Kisha unapigilia kibati chenye namba, ili ukirudi baada ya miaka uujue mti wako na upime palepale. Misumari niliinunua hapa Kitale, katika duka la vifaa la familia moja ya Wasingasinga. Mzee wa duka aliniuliza natengeneza nini. Nilipomwambia napigilia miti iliyo hai, aliifunga misumari kwenye gazeti polepole, akaniambia nisimwambie mke wake, maana anapenda sana miti.

Nilikuwa na msaidizi mmoja, na ndiye huyohuyo hadi leo. Ni mzee aliyenizidi umri kwa mbali, anakaa upande wa Bungoma chini ya mlima. Ujanani mwake alipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Yeye hushika utepe, mimi huandika. Siku ya kwanza kabisa tulibishana kidogo kuhusu mahali pa kuweka utepe. Nilimkata kauli, kazi ikaendelea. Mimi ni mwepesi wa hasira, nyumbani kwetu wanajua, na hasira zangu zikishapita nasahau hata nilichosema.

Baada ya miaka kadhaa tulirudi tukapima mara ya pili. Podo zilikuwa zimenenepa. Si kidogo, zimenenepa kuliko mtu yeyote alivyotarajia kwa mti unaosifika kwa uvivu wa kukua. Nilirudia hesabu mpaka macho yakaniuma. Niliandika makala, ikachapishwa, na kwa mara ya kwanza watu nisiowajua wakaanza kuniandikia. Podo za Elgon zinakua haraka! Msitu wa asili una nguvu kuliko tulivyodhani! Hatimaye ikaja ile barua ya ng'ambo. Nafasi ni yako, walisema, njoo uongoze utafiti huu. Waliomba jambo moja: nipime viwanja mara ya tatu kabla ya kuondoka, nije na namba mpya mkononi.

Nilimpigia mama kabla sijamaliza kuisoma.

Mama alikuja Trans-Nzoia, kaunti yetu hii ya Kitale, akiwa msichana mdogo, wazazi wake walipohama kutoka kati ya nchi kufuata mashamba, na kwake mtu kuondoka kwenda mbele ni jambo la kusherehekewa sawasawa. Kwetu mtu haondoki hivihivi. Anaombewa. Nilimsihi angoje nimalize kazi ya msituni, nikawa kama ninayeongea na ukuta. Jumamosi iliyofuata uwanja wa nyumba yake ulijaa. Akina mama wa kanisa walipika mukimo na kuku, mchungaji akaniwekea mkono kichwani, binamu zangu wakapiga picha. Mwishoni kikundi cha akina mama kilisimama kikaimba, kikanikabidhi sanduku la safari, la buluu, lenye magurudumu. Ndani walikuwa wameweka blanketi, kwa sababu walisikia huko ni baridi.

"Sasa mami," mama aliniambia huku akinishika mikono yote miwili, "hata nikifa leo nitakufa nikijua umetoka."

Nililia. Watu walidhani nalia kwa ajili ya kumwacha mama. Nililia kwa raha ya kufunguliwa, basi.

Siku kumi baadaye nilikuwa darasani Mabanga, nikifundisha mojawapo ya masomo niliyodhani ni ya mwisho. Somo lilikuwa jinsi ya kukadiria mti kabla ya kuuza, mkulima asipunjwe na mnunuzi wa mbao. Nilichora shina ubaoni, nikachora na mstari wa mita moja na thelathini. Mkulima mmoja mwanamke kutoka Naitiri, aliyekaa mbele na leso begani, akaanza kucheka.

"Mwalimu, hiyo ni ya watu wa ofisi. Sisi tunapimia hapo kwa msumari."

"Msumari gani?"

"Wa fensi. Si unajua waya ya fensi unapigilia kwa mti? Sasa hiyo mti inafura hapo, inataka kumeza msumari. Mnunuzi akikuja na tepu, unamshikia wewe, unaweka hapo kwa kufura. Ataona mti mnono, bana! Atalipa!"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwanamume mmoja nyuma akasema yeye alinunua mti wa namna hiyo, akaumiza msumeno, na tangu siku hiyo mti wa fensi hata apewe bure hachukui. Wakacheka zaidi. Mimi nilibaki na chaki mkononi. Niliwaambia wapumzike dakika kumi, nikatoka nje, nikaenda nyuma ya banda la kuku ambako hakuna mtu.

Vibati vyangu vyote vilikuwa kwenye mita moja na thelathini. Si juu kidogo, si chini kidogo. Palepale. Nilipigilia msumari mahali penyewe pa kupimia, nikarudi baada ya miaka, nikaweka utepe kwenye msumari, nikapima uvimbe, nikauandikia makala. Mwongozo wowote wa kazi hii unakuambia uweke msumari mbali na mahali pa kupimia. Nami nilikuwa nimeusoma. Lakini tulipoanza nilikuwa na haraka, nikaona itakuwa nadhifu zaidi alama na kipimo vikikaa pamoja. Watu wangu wa Naitiri walikuwa wakifanya kosa langu kwa makusudi, kumpiga mnunuzi chenga.

Sikusema na mtu. Wiki ile nililala katika kile chumba cha walimu nikitazama dari. Nilijua mambo mawili. La kwanza, kama nikipima mara ya tatu kwenye msumari, namba zitapanda tena, vizuri sana, na hakuna atakayejua. Makala ilisema mita moja na thelathini, na msumari uko mita moja na thelathini. Nani atatoka ng'ambo aje kupapasa shina la podo Elgon? La pili, kama nikipima juu zaidi, uvimbe unapoishia, mahali shina lilipo jinsi lilivyo, nitaweza kulinganisha na kipimo cha kwanza kabisa, cha kabla mti haujaumizwa. Na nilikuwa na hakika ya nitakachokuta.

Mtu asiniambie kwamba uamuzi ulikuwa rahisi kwa mtu mwaminifu. Mimi nimekuwa mwaminifu miaka yote kwa sababu hakuna aliyewahi kunipa kitu cha kudanganyia. Nilifikiria sanduku la buluu. Nilifikiria mikono ya mama. Nilifikiria kuingia tena darasani mwaka ujao, na ujao mwingine, kueleza blugamu. Nilichukia podo, nilichukia yule mama wa Naitiri na kicheko chake, na zaidi ya wote nilijichukia mimi. Nikajikaza kisabuni, nikampigia msaidizi wangu tupange siku ya kupanda msituni. Sikumwambia chochote. Bado nilikuwa nikijiambia kwamba nitaamua nikifika.

Tulifika kiwanja cha kwanza asubuhi, majani yakiwa bado yamelowa. Podo namba moja ni mti mkubwa, umeegemea kidogo upande wa mto. Niliweka kiganja kwenye kibati. Ganda lilikuwa limejikunja kuzunguka msumari, na kibati chenyewe kilikuwa kimezama nusu ndani ya mti. Nilipitisha mkono kushoto na kulia. Uvimbe ulizunguka kama mkanda. Nilikuwa nimeupitia kwa utepe mara ya pili, nikauona kwa macho yangu, na sikuuona.

Mzee alikuwa ameshafungua utepe. Alisimama kando ya shina, akanitazama.

"Kwa msumari, madam, ama juu?"

Aliuliza hivyo tu, kwa heshima, jinsi mtu anavyouliza kama chai iwekwe sukari. Nikajua hapo kwamba hatanisaidia kwa neno jingine lolote. Atapima nitakaposema, ataita namba, mimi nitaandika, na tutaenda mti wa pili. Nilijisikia kama mtu aliyefungiwa kwenye choo cha nje, mlango unafunguka kwa ndani, lakini mkono haunyanyuki.

"Juu," nikasema.

"Juu kiasi gani?"

"Panapoishia kufura."

Alipandisha utepe viganja viwili, akauzungusha, akausawazisha, akaita namba. Niliiandika. Nikafungua ukurasa wa kipimo cha kwanza, cha miaka ile, na karibu nicheke. Ule mti ulikuwa umekua unene wa uzi. Podo namba mbili hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa haijakua kabisa, labda ilikuwa inafikiria. Kufika mchana nilikuwa nimejaza kurasa za miti iliyokuwa ikifanya yale podo imesifika kufanya siku zote: kukua polepole sana, bila haraka na mtu.

Sikujisikia mwema. Naandika hivi kwa sababu najua wasomaji wanapenda mtu akisema ukweli apate amani. Mimi nilijisikia mjinga, na nilikuwa na hasira, na kama kawaida yangu nikaigeuzia aliye karibu.

"Mzee, wewe umepasua mbao miaka yote. Ulijua mti unafura kwa msumari. Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa amekaa kwenye mzizi akimenya kiazi kitamu. Alimaliza kukimenya kwanza.

"Nilikuambia, madam. Ile siku ya kwanza. Niliweka tepu hapa juu, nikasema hapo kwa msumari mti itafura. Ukanipigia kelele."

"Nilisema nini?"

"Ulisema, nani amesoma hapa, ni mimi ama ni wewe." Akanigawia nusu ya kiazi. "Sasa ni kweli, wewe ndio umesoma. Nikashusha tepu."

Hakusema kwa uchungu. Afadhali angesema kwa uchungu. Niliishika ile nusu ya kiazi nikashindwa kuila. Sikumbuki nikisema maneno hayo, lakini ni maneno yangu, naijua sauti hiyo, nimeyasema nyumbani, nimeyasema darasani, nimewaambia hata wadogo zangu. Nilitafuta namna ya kuomba msamaha, na kila nilichotunga kilikuja kama hotuba. Mwishowe nilisema samahani, yeye akasema si kitu, tukaenda kiwanja cha pili.

Niliwaandikia wale wa ng'ambo wiki hiyohiyo, nikawatumia namba zote, nikaliandikia na jarida kwamba makala yangu ina kosa na kosa ni langu. Jarida lilichapisha taarifa fupi ya kusahihisha. Taasisi ilinijibu kwa upole mwingi. Walinisifu kwa uaminifu wangu, wakasema kwa kuwa msingi wa mradi umebadilika, nafasi ile itaangaliwa upya. Iliangaliwa upya, ikapewa mtu mwingine. Zile aya zangu mbili zilikaa kwenye tovuti miezi miwili zaidi, watu wakanitumia pongezi, halafu siku moja nikazitafuta nikakuta hazipo.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu kuliko barua zote.

"Lakini tulishakuombea," alisema.

"Ndio, mum."

"Mchungaji akaweka mkono."

"Ndio."

"Sasa nitawaambia nini?"

Nilimweleza habari za uvimbe na msumari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ule mti utapona. Nikamwambia mti hauna neno. Akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni, na nikamsikia akiosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kuagwa na kubaki ni kitu kibaya sana, siwezi kumwombea adui yangu. Mji wa Kitale si mkubwa. Sokoni, kanisani, kwenye foleni ya benki, wote wananiuliza jambo moja. Kumbe bado uko? Mzee wa duka la vifaa aliniuliza akiwa amesimama kabisa, kwa furaha, kama aliyeona mtu amefufuka. Mama mwenye mtoto wa tetekuwanga aliniuliza akipita, hakungoja jibu. Wale akina mama wa kikundi hawaulizi, wananiangalia tu, halafu wanaangalia miguu yangu, nadhani wanatafuta lile sanduku. Lipo juu ya kabati. Nimeweka ndani fomu za msituni, za mara tatu zote, na juu yake blanketi, kwa sababu Kitale nako kuna baridi mwezi wa saba. Jumatatu naenda Mabanga. Mkataba nilitia sahihi mwezi uliopita, na safari hii niliusoma wote, nione kama kuna mahali pa kutokea. Hapakuwepo.

Juzi Ijumaa nilikuwa nimekaa kitandani na viatu vyangu, simu ikalia. Alikuwa msaidizi wangu. Tangu nianze kumjua hajawahi kuniuliza kama nitaondoka, na tangu nibaki hajawahi kuniuliza kama bado niko.

"Madam, ile podo ya karibu na mto, kibati kimekatika. Namba imepotea. Tutapanda lini?"

Nilimwambia Jumamosi. Nilitaka kukata simu, nikasita.

"Mzee, kibati kipya tukipigilie wapi?"

Nilidhani laini imekatika, nikaita jina lake.

"Niko," akasema. Kisha akauliza, polepole, kama mtu asiyetaka kukosea: "Unaniuliza mimi?"